Je, moto na malisho huongeza aina za mimea katika mbuga za nyasi?

Swali: Ndugu wanajukwaa, nimesoma kwamba mbuga isiyoungua wala kuliwa na wanyama kwa miaka mingi hupoteza aina za mimea. Inawezekanaje uharibifu ulete wingi wa aina?

Jibu la 1: Kiini cha jambo ni mwanga. Nyasi ndefu zisipoguswa, majani makavu hurundikana juu ya udongo na kuzuia jua, hata miche ya mimea mifupi ikafa kabla ya kukomaa. Moto huliondoa rundo hilo bila kuziua nyasi nyingi, kwa kuwa machipukizi yake yamo ardhini au karibu nayo. Mwaka 1978 mwanaikolojia Joseph Connell, akiandika kuhusu misitu ya mvua na miamba ya matumbawe, alidai kwamba aina huwa nyingi zaidi pale usumbufu, yaani uharibifu kama huo, unapokuwa wa kadiri.

Jibu la 2: Nakubali kuhusu mwanga, ila dai hilo lisichukuliwe kuwa kanuni ya kila mahali. Katika mbuga ya Konza, jimboni Kansas, Marekani, kuchoma kila mwaka kulizipa nyasi ndefu chache nafasi ya kutawala na aina zikapungua. Baisoni (wanyama wa Amerika wanaofanana na nyati) walipolisha humo, aina ziliongezeka, maana wao hupendelea nyasi hizohizo na kuiacha mimea mingi yenye majani mapana. Hata wanapogaagaa huacha mashimo yanayotuamisha maji, makazi ya mimea mingine kabisa.

Muulizaji: Na penye ukame?

Jibu la 2: Huko kinachokosekana ni maji zaidi kuliko mwanga, kwa hiyo malisho makali mara nyingi hupunguza aina.