Nimesukuma toroli asubuhi nzima, saa ikanipa hatua 1,100 tu

Mzabibu wa Hombolo:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninafanya kazi ya ofisini Mtumba, hapa Dodoma, na ninaishi Ipagala, kwa hiyo asubuhi ninapanda daladala, ninakaa kwenye kiti mpaka jioni, kisha ninarudi vilevile nilivyokwenda. Miezi mitatu iliyopita nilipimwa presha ikaonekana imeanza kupanda, nikashauriwa kutembea zaidi, na ndipo nikanunua saa ya mkononi inayohesabu hatua na mapigo ya moyo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa shambani kwetu Hombolo, nikasukuma toroli la samadi kutoka zizini hadi kwenye mizabibu tangu saa moja asubuhi hadi saa sita mchana. Fulana ililowa jasho, miguu ikatetemeka, lakini saa ikaniandikia hatua 1,100. Jioni nikapanda bodaboda, na ile njia ya kutoka shambani, yenye vumbi na mashimo, ikaniongezea karibu hatua 900 nikiwa nimekaa. Je, saa hii ni mbovu, au ni mimi nisiyejua kuitumia? Na hizo hatua 10,000 inazonidai kila siku zimetoka wapi?

Fundi Simu Majengo:
Ndugu, saa yako ni nzima, ila haiioni miguu yako. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachopima mwendo wa mkono katika pande tatu, na programu hutafuta mtikisiko unaojirudia kwa mpigo wa mtu anayetembea. Ukishika toroli, mikono imenyooka na kifundo cha mkono kimetulia, mpigo ule haufiki kwenye saa hata kama miguu inafanya kazi ya punda. Mama aliyejitwika ndoo na kuishikilia kwa mkono wenye saa atapunjwa vivyo hivyo, ilhali anayesonga ugali wa watu kumi anaweza kupewa hatua ambazo hakuzitembea. Mashimo ya bodaboda nayo huigiza mpigo huohuo.

Fanya jaribio: tembea hatua 200 ukizihesabu mwenyewe, ulinganishe na saa, kisha urudie ukiwa na toroli. Siku za kazi ya namna hiyo itie saa kwenye mfuko wa mbele wa suruali, kwa kuwa paja halidanganyi.

Mapigo ya moyo ni habari nyingine. Ile taa ya kijani iliyo nyuma humulika ngozi, damu hunyonya mwanga huo, na kila moyo unapopiga kiasi kinachonyonywa hubadilika. Mkanda ukilegea, mwanga wa jua huingia na tarakimu huyumba. Kwa hiyo uvae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, uukaze kidogo unapofanya kazi, na ufute kile kioo cha nyuma, maana vumbi letu likichanganyika na jasho huwa tope.

Muuguzi Nzuguni:
Hatua 10,000 hazikuanza kama agizo la daktari. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina likapendwa na idadi ikabaki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linahesabu dakika: mtu mzima anatakiwa apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani yale ambayo ukiyafanya unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kwa asubuhi ile ya toroli umekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni hilo, saa itake isitake.

Ukiandikiwa dawa ya presha, uliza kama ni ya kundi linalopunguza kasi ya mapigo, kama vile atenolol, kwa sababu saa itakuona mvivu hata ukitoka jasho. Presha yenyewe endelea kuipima kwa mashine yenye mkanda unaofungwa juu ya kiwiko.

Bibi wa Kikuyu:
Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Kijana wangu aliye Dar es Salaam alinivalisha saa kama hiyo ili azione hatua zangu kwenye simu yake. Nilipochoka kuulizwa kila jioni kwa nini nimekaa, kama mtoro wa shule, nikamvalisha mjukuu wa miaka tisa acheze nayo rede, na usiku nikapigiwa simu ya pongezi kwa hatua 17,000! Tangu siku hiyo ninatazama jumla ya wiki peke yake, nikiilinganisha na wiki yangu iliyopita, kwa kuwa msiba mmoja tu au mvua vinatosha kuiharibu hesabu ya siku.

Mzabibu wa Hombolo:
Ninawashukuru, na wewe bibi, shikamoo. Jana jioni nilifanya jaribio la hatua 200: barabarani saa iliandika 194, kwa toroli la jirani ikaandika 23, na ilipokuwa mfukoni ikaandika 188. Nimegundua pia kwamba programu, ambayo hukadiria kilomita kwa kimo cha mtu, ilikuwa imeandikiwa urefu wa sentimita 180, nami nina 164. Kumbe zile kilomita nilizokuwa nikimringia mke wangu zilikuwa za mtu mwingine.