Mjadala: Je, filamu ya "laiti ingalikuwa" inawasafisha mabaharia wa vita?

Ndugu wanajamvi,

Naleta hoja juu ya Lorelei, filamu ya Kijapani ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Shinji Higuchi kutokana na riwaya ya Harutoshi Fukui. Kwa asiyeiona: ni Agosti 1945, Hiroshima imekwisha kuteketea, na Japani inaituma I-507, nyambizi iliyotoka kwa Wajerumani, ikazuie mabomu mengine ya atomiki yasirushwe kutoka kisiwa cha Tinian, kambi ya Wamarekani katika bahari ya Pasifiki. Nagasaki haiokoki, linalobaki ni bomu la tatu, ambalo shabaha yake ni Tokyo. Wanaoishutumu husema kwamba hadithi ya namna hii inamgeuza mchokozi kuwa mhanga. Wanaoitetea hujibu kwamba hadithi ni hadithi. Mimi siridhiki na upande wowote.

Shutuma hiyo naiona nyepesi, kwa kuwa kilichobuniwa hakiko mbali na kilichotokea. Ujerumani iliposalimu amri Mei 1945, Japani ilitwaa nyambizi za Kijerumani na za Kiitalia zilizokuwa katika bandari za Asia, nazo zikapewa namba I-501 hadi I-506. Mtunzi ameanza kuhesabu pale historia ilipokomea. Manowari ya Kimarekani Indianapolis ilishusha vipande vya bomu la Hiroshima kisiwani Tinian tarehe 26 Julai, na siku nne baadaye nyambizi ya Kijapani I-58 ikaizamisha kwa topido (kombora la chini ya maji), wakapona watu 316 kati ya karibu 1,200. Bomu la tatu nalo si ndoto: tarehe 10 Agosti Jenerali Leslie Groves, msimamizi wa mradi wa Marekani wa bomu la atomiki, aliarifu kwamba lingekuwa tayari kutumika baada ya tarehe 17 au 18, na Rais Truman akaamuru lisitumike bila idhini yake.

Tena filamu haiwabembelezi wakubwa. Nahodha Masami, anayeigizwa na Koji Yakusho, amewekwa kando kwa sababu alipinga mashambulizi ya kujitoa mhanga, ya namna ya Kaiten, yaani topido iliyoendeshwa na mtu aliyejua kwamba harudi. Ofisa Asakura, kwa upande wake, yuko tayari Tokyo iungue ili taifa lizaliwe upya. Usiku wa kuamkia 15 Agosti 1945 walikuwapo maofisa halisi walioliteka kasri la Mfalme Hirohito ili tangazo la kusalimu amri lisisikike. Nia yao ilikuwa tofauti na ya Asakura, lakini roho za raia waliziuza kwa bei ileile. Filamu inayoyasema hayo inalisuta jeshi la nyumbani kwake, na si haki kuiita propaganda tupu.

Lawama yangu iko kwingine. Anayebuni historia ana ruhusa ya kuongeza; mimi namuuliza ameacha nini. Kwa kuchagua wiki za mwisho za vita, na kazi ya kuokoa mji, mtunzi amewapa mabaharia wake vita vilivyooshwa tayari. Hatuambiwi kabla ya hapo nyambizi za nchi yao zilikuwa zikimzamisha nani.

Sisi tunao wa kuwataja. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo (Sri Lanka ya leo) ikiwa na watu 1,511, wakiwamo karibu 1,000 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga kwa topido, nayo ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Manowari za Kiingereza Petard na Paladin zilipoiwinda nyambizi ile, mabomu ya kulipukia chini ya maji yaliangushwa mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaelea. Katika filamu, milipuko kama hiyo tunaitazama tukiwa ndani ya nyambizi, pumzi tumezibana, tukiwaombea waliomo. (Nakiri kwamba nami niliwaombea.)

Ndiyo maana jibu la "hadithi ni hadithi" halinitoshi. Filamu hii haikutaka kuwa hadithi tupu. Imechukua maiti wa kweli wa Hiroshima na Nagasaki ili machozi yetu yawe ya kweli, na anayekopa kwa wafu wa upande mmoja hawezi kushangaa wa upande wa pili wakija kudai.

Sisemi kwamba ilipaswa kusimulia habari za Khedive Ismail. Nasema kwamba Masami angeweza, hata kwa sentensi moja, kuikumbuka meli fulani iliyozamishwa na wenzake na watu waliokuwamo. Anayeona kwamba sentensi hiyo ingeiharibu filamu, naomba atuonyeshe ni katika onyesho lipi.