Mafundi, mnachimba bila kupima udongo, halafu nyufa mnazifunika kwa plasta!

Wakuu, uzi huu ni wa ugomvi, salamu baadaye.

Ramani ile ile, msingi wa kina kile kile, shimo la maji taka la vipimo vile vile, vyote vinahamishwa kutoka kiwanja cha kichanga hadi kiwanja cha mfinyanzi mweusi. Ukuta ukipasuka, inasingiziwa saruji.

Mfinyanzi mweusi wa mbugani ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Mvua zikianza, maji hufika kwanza kwenye kingo za nyumba, na katikati chini ya sakafu bado pakavu. Kingo zinainuliwa, kiangazi zinazama. Ndiyo maana nyufa huanzia kwenye pembe za madirisha na kupanda mshazari. Fundi anakuja kiangazi, ufa umeachama, anaujaza saruji, anapaka rangi, anaondoka. Mvua zikirudi ufa unataka kujifunga, nafasi hakuna, ukuta unapasuka pembeni ya kiraka. Hiyo nayo tuite kazi?

Kupima si uchawi. Gramu 10 za udongo mkavu uliopita kwenye chekecheo la matundu ya mikroni 425 (chini ya nusu milimita) zinatiwa kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji. Gramu 10 nyingine kwenye mafuta ya taa, ambayo hayauvimbishi. Acha saa 24. Ujazo wa udongo ulio kwenye maji ukizidi wa ulio kwenye mafuta kwa zaidi ya asilimia 50, msingi wa mazoea usahau. Ama mfinyanzi unatolewa na kurudishiwa kifusi kisichovimba, kikishindiliwa tabaka kwa tabaka za sentimita 15, ama mhandisi apige hesabu ya zege la nondo lililotandazwa chini ya nyumba nzima. Na ule mfinyanzi mliouchimba, kwa nini mnaujazia chini ya sakafu? Utaisukuma sakafu juu, na milango itagoma kufunga.

Sasa maji taka, maana huku ndiko kuna aibu zaidi. Shimo la kunyonya, lile linaloachia maji ya kutoka tangi la maji taka yapenye ardhini, likifurika mnasema tangi ni dogo. Tangi kubwa halibadilishi udongo! Chimba shimo la majaribio la upana wa sentimita 30, hadi kina ambacho maji yatatolewa. Kwaruza kuta kwa msumari, kwa sababu jembe huupaka mfinyanzi ukaziba vitundu vyake. Weka kokoto sentimita 5 chini, jaza maji, yaache usiku kucha. Hapo ndipo wengi mnapodanganya: mnapima kiangazi papo hapo, maji yanatoroka kupitia mipasuko ya ukavu, mnashangilia. Mfinyanzi ukishavimba mipasuko inajifunga na unyonyaji unakwisha. Kesho yake jaza sentimita 15 juu ya kokoto, pima kila dakika 30 mpaka kushuka kuwe sawasawa. Yakichukua zaidi ya dakika 60 kushuka sentimita 2.5, shimo la kunyonya halifai hapo. Fikirieni tuta la mchanga lililoinuliwa la kuchujia maji taka, au tangi lisilovuja la kunyonywa na gari. Yakishuka hizo 2.5 kwa chini ya dakika moja msifurahi pia: uchafu unafika kwenye maji ya ardhini kabla haujachujwa. Sakafu ya shimo la kunyonya iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, ikipimwa msimu wa mvua, na kisima kiwe mbali si chini ya mita 30.

Wa bustani msicheke. Kuchanganya mchanga kidogo kwenye mfinyanzi kunazaa kitu kinachokaribia tofali. Tieni mboji sentimita 5 hadi 10, na msilime ukiwa umelowa. Kuchimba shimo kwenye mfinyanzi na kulijaza udongo mzuri ni kupanda mti ndani ya chungu kisicho na tundu: maji yanatuama, mizizi inaoza. Inueni tuta sentimita 20 hadi 30. Lakini ni bustani gani itaota, wakati mjenzi ameuzika udongo wa juu wenye rutuba chini ya kifusi na mabaki ya saruji, badala ya kuulimbikiza pembeni tangu siku ya kwanza?

Halafu mnafunga kazi kwa kumwagilia maua yaliyobanana na ukuta, mti mkubwa dirishani, bomba la paa likimwaga kwenye kona, na shimo la kunyonya mita mbili kutoka msingini. Yote hayo ni maji yanayoingia na kutoka kwenye mfinyanzi ule ule uliobeba nyumba!

Anayebisha aweke hapa vipimo vya shimo lake: kina, sentimita, dakika, na kama aliloweka usiku kucha. Picha za plasta mpya msilete.