Elite Dangerous: mzuka ukikata katikati ya galaksi unafanyaje? Tupeane uzoefu

KapteniUsingizi
Wakuu habari zenu. Kwa mgeni, Elite Dangerous ni gemu ya kurusha meli ya anga kwenye galaksi yetu. Nimekwama. Mafuta yapo, meli nzima, niliyekwama ni mimi mwenyewe. Niko kama miaka nuru elfu 31 kutoka Sol (mfumo wa Jua letu) naelekea Beagle Point, nyota ya mbali upande wa pili wa galaksi, ambayo iko elfu 65 na kidogo, yaani hata nusu sijafika, na hii ni wiki ya tatu sijacheza. Nikiwasha naikuta ile nyota niliyoiacha imenikodolea macho, nafungua ramani, naona bado jampu mia saba na kitu (jampu ni mruko mmoja wa nyota hadi nyota, meli yangu inaruka miaka nuru 48 hivi), nazima.

Mwanzoni nilikuwa na mzuka balaa, nimejipangia na jina la safari kabisa. Sasa kila jampu ni ileile, injini inachaji, inahesabu nne tatu mbili moja, handaki la mwanga, puu nyota usoni, zunguka unyonye mafuta, piga honi ya kuskani mfumo wa nyota, lenga inayofuata. Kama dakika moja hivi. Zidisha hiyo mara mia saba halafu ukumbuke kuna kurudi. Walioenda mbali tuambieni mlifanyaje, na asije mtu kuniambia cheza gemu nyingine, hilo nshalifanya na ndo maana wiki zimefika tatu.

DiraMbovu
Mkuu wewe unaumwa ugonjwa wa namba. Mimi nilienda Colonia tu, ile koloni ya watu iliyo mbali, elfu 22, na nilichoka kuliko wewe sababu macho yote yalikuwa kwenye ile idadi ya jampu zilizobaki. Safari ya pili nikakataa kabisa kuweka mwisho wa safari kwenye ramani. Naangalia upande naoenda, natafuta kitu chochote kinachong'aa ndani ya jampu kumi au ishirini, nebula, shimo jeusi, nyota mbili zimekaribiana vibaya, naenda hapo, usiku umeisha.

Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho watu wanakidharau. Usizime gemu ukiwa mbele ya nyota. Tafuta sayari ya kutua, utue, ukae upande ambao anga inaonekana vizuri, ndo uzime. Kesho ukiwasha unaamka mahali, kuna milima, kuna jua linachomoza, hauamki kwenye foleni. Mimi hii peke yake ndo imenirudisha kwenye gemu.

Mkia_wa_Nyutroni
Mnamdanganya huyo. Mtu amechoka na barabara ndefu mnamwambia atembee taratibu? Ifupishe! Nyota ya nyutroni (mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka) ukipita kwenye mkia wa mwanga unaotoka kwake injini inachajika unaruka mara nne ya kawaida, kwa hiyo 48 yako inakuwa 190 na ushee, zile mia saba hata ukiongeza na za kuzunguka unabaki na kama mia mbili. Beba kifaa cha kurekebisha injini maana kila mkia unaila kidogo kidogo. Na vibete vyeupe, zile nyota ndogo zilizokufa, achana navyo, vinakupa mara moja na nusu tu halafu mkia wake ni mkorofi, mimi kimoja kilinizungusha kama nguo kwenye mashine nikatoka na meli asilimia 61. Sijarudia.

DiraMbovu
Sasa huko njiani uliona nini?

Mkia_wa_Nyutroni
Nyota za nyutroni 😂

Mzee_wa_Anaconda
Ngoja na mimi nitoe yangu, ni ndefu kidogo mnivumilie.

Nilikuwa nje wiki sita. Natumia meli kubwa inaitwa Anaconda, nilikuwa nimetoa ngao ili meli iwe nyepesi iruke mbali, wengi tunafanya hivyo na tunajiona wajanja. Nina data za mifumo mamia, haijauzwa hata moja, na humo ndani kuna sayari ya aina ya Dunia niliyoiona mimi wa kwanza, bahari, mawingu, na miezi miwili inaizunguka. Kwa wageni, hiyo data inakaa kwenye meli mpaka uifikishe Universal Cartographics, wanunuzi wa data za ramani kwenye stesheni, na jina lako linaandikwa kwenye ramani ukishauza, ukifa kabla imepotea yote.

Bwana wee, nikiwa naelekea kurudi nikaona sayari moja ya mawe, nikasema nitue nipumzike kama hivyo alivyosema Dira. Sikuangalia graviti. Ilikuwa 3.7, yaani karibu mara nne ya Dunia. Nimeinamisha pua ya meli kidogo tu kama nilivyozoea, meli ikashuka kama tofali, navuta juu haiji, nasikia chuma kinalia, skrini nyeupe. Nimeamka kwenye stesheni niliyotokea wiki sita nyuma, meli mpya inang'aa, data sifuri.

Niliondoa gemu kwenye kompyuta. Sikutania, niliiondoa. Ikapita miezi miwili au mitatu hivi, nikawa napanga picha zangu nikakutana na ile niliyopiga ya ile sayari na miezi yake, na pembeni jina la mfumo linasomeka. Nikakaa naiangalia. Nikapakua gemu upya usiku uleule.

Miaka nuru elfu tisa kwenda. Sikusimama popote, sikuskani kingine chochote, na sikumbuki kuchoka hata siku moja, nilikuwa na roho juu tu kwamba ntakuta mtu kashaweka jina lake. Nimefika, napiga honi, naangalia... haina jina la mtu. Dah. Nikaiskani, nikarusha na zile probu, vyombo vidogo vya kuchora ramani ya uso wote, nikakaa nayo kama saa nzima. Kurudi ndo ilikuwa shughuli, elfu tisa nyingine na safari hii ngao nimeweka, stesheni nilitua kama nimebeba mayai. Jina langu lipo pale mpaka leo.

Sisemi uende ukafe ndo upate mzuka 😅 ila mwenzio nilipokuwa sina kitu cha kupoteza ndo nilikuwa nasinzia.

KapteniUsingizi
Mzee hiyo ya 3.7 imeniuma kama meli ilikuwa yangu.

binti_wa_skupu
Mie sijaenda mbali hivyo, elfu mbili tu, ila niliishiwa mafuta. Nilikuwa sijui kwamba sio kila nyota unaweza kunyonya, ni zile za aina O, B, A, F, G, K na M tu, mie njia yangu ikapita kwenye mlolongo wa L, T na Y, zile hafifu zisizonyonyeka, nazunguka kila moja nashangaa tanki halijai. Ya mwisho taa zikazima, saa ya oksijeni ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Nikakumbuka nimewahi kusoma kwamba ukifika hapo toka haraka kwenye gemu urudi menyu kuu maana ukiwa nje oksijeni haiendi, halafu waite Fuel Rats. Ni wachezaji wa kawaida, kazi yao kwenye gemu ni kupeleka mafuta kwa waliokwama, na hawataki malipo. Wakaja watatu, mmoja anaongea taratibu kama daktari. Wakanijaza, wakanionyesha jinsi ya kuchuja aina za nyota kwenye ramani, wakapotea.

Tangu hapo nikiwa peke yangu huko sijisikii peke yangu sana. Sijui kama hiyo inahesabika kama ushauri.

Dira nakuunga mkono kulala kwenye sayari.

Mkongwe3305
Mimi ile safari kubwa ya pamoja ya wachezaji, Distant Worlds 2, nilikuwemo, Januari 2019. Walijiandikisha watu zaidi ya elfu 13. Mnapewa kituo, mnapewa muda wa kufika, mkifika mnatua pamoja mnaendesha magari kwenye vumbi mnafanya ujinga, halafu kituo kinachofuata. Pale karibu na Sagittarius A*, shimo jeusi la katikati ya galaksi, tulichangia kujenga stesheni kabisa, Explorer's Anchorage, ipo hadi leo, Kapteni kama una data nyingi na unaogopa kuzipoteza hapo ni mahali pa kuuza bila kurudi Sol.

Ninachotaka kusema, wengi nilioanza nao sikuwaona tena, na mimi ningeacha mara tatu. Kilichonishika ni kwamba Jumapili kuna watu wananisubiri na nikichelewa watanitania. Tafuta mwenzio hata mmoja. Sio lazima aruke na wewe, awe tu anakuuliza umefika wapi.

Chungu_cha_Bakteria
Hamjataja kutembea kwa miguu? Tangu Odyssey, nyongeza ya gemu inayokuruhusu kushuka kwenye meli, ilipotoka 2021 mimi nachukua sampuli za mimea tu. Sampuli tatu za aina moja, kila moja mbali na mwenzake, wengine mita 150 wengine mpaka kilomita. Kuna mmoja anaitwa Stratum Tectonicas unalipwa zaidi ya krediti milioni 19, na ukiwa wa kwanza kumsajili inazidishwa mara tano. Tahadhari moja, utasahau ulikuwa unaenda wapi. Mimi nilikuwa naenda Colonia 2022.

Mkia_wa_Nyutroni
😂😂 huyu bado yuko njiani

kimya_kimya
Vitabu vya sauti. Mikono inajampu yenyewe.

KapteniUsingizi
Wakuu mrejesho. Nimewasha jana. Nimefuta Beagle Point kwenye ramani, nikaona kuna nebula ndogo ya bluu kushoto ambayo nimeipita bila kuiangalia, nikageuka. Jampu 14. Katikati yake kuna nyota ya nyutroni na hakuna jina la mtu pale. Mkia wa Nyutroni, wewe usiseme kitu.

Binti, nimechuja nyota kama ulivyosema. Mkongwe, nakutumia ujumbe Jumapili, nitanie nikichelewa. Saa hizi nimetua kwenye mwezi wa barafu, sayari yake ina pete na inajaza nusu ya dirisha, nazima gemu hapa.

Mzee_wa_Anaconda
Umeangalia graviti kabla hujatua?

KapteniUsingizi
0.09 mzee.

Mzee_wa_Anaconda
Haya lala.