PC ya gemu kwa bajeti ya kubana: 5600, 12400F, kompyuta ya ofisi, au 5600G kwanza?

Gemu_Usiku

Wakuu habari za humu. Nimechoka kucheza kwenye laptopu inayochemka mpaka kibodi haishikiki, sasa nataka nijiunganishie kompyuta ya mezani mwenyewe. Monita ninayo, 1080p ya 75Hz (inaonyesha picha 75 kwa sekunde). Kibodi na mausi vipo. Ninachocheza ni Counter-Strike 2 na Valorant na washkaji, GTA V, na mara mojamoja gemu za hadithi ambazo sitaki zikimbie sana, nataka zionekane vizuri tu.

Nimehangaika na bei hadi nikabaki na njia nne:

1. Ryzen 5 5600 (prosesa ya AMD) na RX 6600 (kadi ya picha)
2. Core i3-12100F au i5-12400F (prosesa za Intel), kadi hiyohiyo
3. Kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye i5 ya kizazi cha 8, nachomeka kadi tu
4. Ryzen 5 5600G (prosesa yenye picha za ndani) bila kadi kwa sasa, nikipata hela naongeza RX 6500 XT

Moyo uko namba 4 maana naweza kuanza mwezi huuhuu. Nipondeni kabla sijalipa.

Viini12

Namba 4 ndiyo mbaya kuliko zote mkuu, na kosa si la 5600G peke yake. Ni ndoa ya hivyo viwili.

RX 6500 XT inatumia njia 4 tu za PCIe, ule mlango unaounganisha kadi na ubao mama. Kwenye PCIe 4.0 njia hizo nne zinapitisha karibu GB 8 kwa sekunde, unaweza kuvumilia. Lakini 5600G inaishia PCIe 3.0, hata uiweke kwenye ubao mama wa B550. Hapo kadi inabaki na karibu GB 4 kwa sekunde. Sasa kumbuka kadi yenyewe ina GB 4 tu za kumbukumbu. Gemu ikizijaza inaanza kuazima kwenye RAM (kumbukumbu ya kompyuta), na kila kitu kinapita kwenye huo mlango mwembamba. Utaona wastani wa FPS (fremu kwa sekunde) si mbaya, lakini kila ukigeuka kona picha inakwama kidogo. Kwenye video za mtandaoni hilo halionekani, mkononi unalisikia mara moja.

Halafu hiyo 6500 XT haina kabisa sehemu ya kurekodi video. Ukitaka kurusha mechi au kurekodi, mzigo wote unaangukia prosesa.

Gemu_Usiku

Duh. Kwa hiyo 5600G nayo niifute?

MamaPikseli

Usiifute haraka mdogo wangu. Viini12 amesema kweli kuhusu 6500 XT, ila 5600G yenyewe ni chombo cha heshima kwa mtu anayecheza ulivyotaja. Valorant inakwenda vizuri sana bila kadi. CS2 utashusha mipangilio, pengine na ukubwa wa picha. GTA V inachezeka. Gemu za hadithi za miaka ya karibuni ndizo zitakutesa.

Ila ukichukua njia hii kuna jambo moja ambalo halina mjadala: RAM iwe vijiti viwili. Picha za 5600G zinatumia RAM hiyohiyo ya kompyuta, haina nyingine. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili kwenye chaneli mbili vinapitisha 51.2. Yaani ukiweka kijiti kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya GB 8, umeikata kadi yako ya ndani nusu ya pumzi kwa mkono wako mwenyewe. Na kama ubao una nafasi nne, mara nyingi vinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Wengi wanachomeka ya kwanza na ya pili kwa sababu ziko pamoja, kompyuta inawaka, wanafurahi, kumbe ziko chaneli moja. Soma kitabu cha ubao, mchoro uko pale.

Kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama) uwashe XMP, ile inayoiruhusu RAM itembee kwa kasi yake kamili. Usipoiwasha, RAM ya 3200 mara nyingi inatembea kwa 2133 au 2400 na hakuna mtu atakayekuambia.

Siku ukiongeza kadi, ongeza RX 6600. Hiyo ina njia 8 na GB 8, kwenye PCIe 3.0 inapoteza kidogo tu.

Viini12

Hapo sikubishii dada. Ila mwambie na upande wa pili: 5600G ina kache (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ya MB 16, 5600 ya kawaida ina MB 32. Kwenye gemu zinazotegemea prosesa kama hizo mbili za kulengana risasi, tofauti ipo hata baada ya kuweka kadi nzuri. Na Ryzen 5 5500 isiwadanganye kwa ukaribu wa jina. Nayo ni MB 16 na PCIe 3.0, tena haina picha za ndani.

mtumba_halisi

Mnamzungusha kijana bure. Namba 3. Kompyuta za ofisi zinaondolewa kwa mafungu, hazijawahi kuona gemu, vumbi tu. i5-8500 ina viini 6, inatosha kabisa kwa 75Hz. Unaongeza RTX 3050 ya GB 6, ile ndogo isiyohitaji kebo ya umeme kwa sababu inatumia 70W na nafasi ya PCIe inatoa hadi 75W. Unachomeka, unafunga, unacheza. Hela inayobaki unanunua SSD (diski ya kasi).

FundiKebo

Inategemea kasha mkuu mtumba. Mimi nafungua hizo mashine kila wiki. Kama ni kasha jembamba, kadi lazima iwe fupi ya kimo, na hizo ni chache sokoni na wauzaji wanajua. Kama ni kasha la mnara, kadi ya kawaida inaingia, lakini pawa saplai ya ndani ni ndogo na plagi zake kwenye ubao si za kawaida. Ukitaka kuibadilisha unatafuta kebo ya kubadilishia, ukitaka kubadilisha ubao kasha halikubali, ukitaka feni kubwa haina pa kukaa. Kila hatua inakurudisha kwa mwenye kiwanda.

Kwa hiyo iko hivi: ni njia nzuri kama umeridhika kuwa utakayonunua leo ndiyo utakayoitumia mpaka mwisho. 3050 ya GB 6 ndiyo dari yako. Na uangalie usije ukaidhania kuwa ni 3050 ya GB 8, zile ni kadi mbili tofauti zenye jina moja. Ya GB 6 imepunguzwa viini, na njia yake ya kumbukumbu ni biti 96 badala ya 128.

Kizazi cha 8 usishuke chini yake. Kwa Intel, hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kwa ujumla, na Windows 10 ilifungiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (vitu vya usalama wa kompyuta) viwe vimewashwa, vyote unavikuta BIOS.

mtumba_halisi

Sijakataa. Nimesema anataka kucheza, hajasema anataka kufungua karakana.

Kimyakimya

Monita ni ya 75Hz. Mnabishania fremu ambazo haitazionyesha.

Viini12

@Kimyakimya nusu ya kweli. Monita haitaonyesha zaidi ya 75, lakini CS2 ikitembea kwa fremu 200, fremu inayoonyeshwa ni mpya zaidi na mausi inajibu haraka zaidi. Ila nakubali kwamba kwa gemu za hadithi hana haja ya kufukuza zaidi ya 75. Azifunge hapohapo, kadi ipoe, feni zinyamaze.

Na mkuu Gemu_Usiku, siku ukiiwasha angalia mipangilio ya skrini ndani ya Windows. Mara nyingi inaanza na 60Hz mpaka uibadilishe mwenyewe.

Gemu_Usiku

Asanteni sana. Kwa hiyo tunarudi 1 na 2. Intel ama AMD? Huku 12100F ndiyo rahisi kuliko zote.

Viini12

12100F ina viini 4 na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). Kiini kimojakimoja kina nguvu, na gemu nyepesi inazikimbiza bila wasiwasi. Shida ni pale unapocheza huku Discord imefunguliwa, kivinjari kina vichupo ishirini na kitu kingine kinapakua nyuma. Hapo viini vinne vinaanza kugombaniwa. Kwa mtu anayecheza peke yake kwa utulivu ningemwambia achukue. Wewe umesema unacheza na washkaji.

12400F dhidi ya 5600 ni sare, viini 6 na nyuzi 12 kila moja. Usipoteze usingizi hapo. Angalia bei ya prosesa na ubao kwa pamoja, chukua jumla iliyo ndogo. Kinachowatofautisha ni ubao. Kwa 12400F kuna mbao za DDR4 na mbao za DDR5, haziingiliani, hata pengo la kijiti limekaa sehemu tofauti. Bei za RAM zilipanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, vituo vya data vya AI vinazikomba, kwa hiyo kama kuna mtu anakuuzia DDR4 ya mkononi kwa bei ya kibinadamu, hiyo ndiyo ikuamulie ubao.

Kwa 5600, ubao wa A520 unatosha ila kadi itatembea kwa PCIe 3.0. Kwa RX 6600, kama dada alivyosema, hasara ni ndogo. B550 ni nzuri zaidi ukiipata. B450 inafaa pia, ila ikiwa imekaa stoo tangu zamani inaweza kuwa na BIOS isiyoitambua 5600, na haitawaka mpaka isasishwe. Muulize muuzaji aisasishe yeye kabla hujabeba.

MamaPikseli

Niongeze kuhusu kesho. Soketi ya AM4, ambayo 5600 inakaa, ipo tangu 2016, imefika mwisho wa safari, lakini mwisho wenyewe ni mzuri: 5700X3D na 5800X3D zina kache ya MB 96 na kwenye gemu zinapigana na prosesa mpya. Shida ni kwamba zimekuwa adimu. Upande wa Intel utaweza kupanda mpaka kizazi cha 14 kwenye ubao huohuo, ila ukifika kwenye i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 hakikisha BIOS ni ya baada ya Agosti 2024, zile zilikuwa na ugonjwa wa volti.

AM5, soketi ya AMD iliyofuata, sijaitaja makusudi. Inakubali DDR5 peke yake, na kwa bei za sasa hiyo RAM itakula hela ya kadi.

FundiKebo

Mmetaja kila kitu isipokuwa kile kinachounguza. Pawa saplai.

Hesabu kwanza: RX 6600 inakula 132W. 5600 inafika 76W ikibanwa. Ubao, RAM, SSD na feni, weka 50W kwa ukarimu. Hatujafika hata 300W. Kwa hiyo 450W ya kweli inatosha, 550W ya kweli inakuachia nafasi. Neno ni *ya kweli*.

Geuza boksi uangalie lebo ya ubavuni, jedwali lile la maandishi madogo. Achana na namba kubwa ya mbele. Tafuta mstari wa +12V, maana prosesa na kadi vyote vinakula hapo. Juzi nimeshika moja imeandikwa 600W kwa herufi za kung'aa, kwenye lebo +12V ni 18A. Zidisha: 12 mara 18 ni 216W. Hizo nyingine zimelundikwa kwenye 3.3V na 5V ambako kompyuta ya siku hizi haili sana. Ilikuwa nyepesi mkononi utadhani boksi tupu. Pawa saplai ya 550W iliyo safi itakuonyesha 40A na zaidi kwenye +12V.

Na alama ya 80 Plus inasema umeme kiasi gani unapotea kuwa joto, basi. Haikuambii kama kuna ulinzi umeme ukipanda ghafla. Hapa ndipo mahali pekee ambapo nakukataza kununua ya mtumba usiyoijua historia yake. Prosesa ya mtumba sawa, RAM sawa, kasha hata lililopasuka sawa.

Kimyakimya

Na kebo ya monita ichomekwe kwenye kadi, isichomekwe kwenye ubao. 5600 na zote zenye F hazina picha za ndani, utaona giza na kudhani umeunguza kitu.

Gemu_Usiku

Hahaha hiyo ningefanya hakika.

Sawa wakuu, nimeamua. 5600, B550, vijiti viwili vya GB 8, SSD ya NVMe, pawa saplai mpya ya 550W. Mwezi ungine nivumilie laptopu. Kwenye kadi ndipo nimebana: kuna jamaa anauza RX 6600 ya mkononi, anasema ilichimba sarafu za mtandao miezi kadhaa. Anajisema mwenyewe bila kuulizwa, je nimkimbie au nimwamini?

mtumba_halisi

Usimkimbie. Kadi iliyochimba kwa joto la wastani mara nyingi iko salama kuliko ya mtoto aliyeibana kwenye kasha lisilo na hewa. Ila aiwashe mbele yako. Fungua GPU-Z (programu inayosoma taarifa za kadi): RX 6600 halisi inasoma shader (viini vya kadi) 1792, GB 8, biti 128. Ikisoma tofauti, funga mazungumzo. Kwenye RX 580 kuna za 2048 zinazouzwa kwa bei ya zenye 2304, watu wamezoea kutokuangalia.

Kisha endesha gemu nzito au programu ya kubana kadi robo saa nzima, usikubali dakika mbili. Angalia joto la hotspot (sehemu yenye joto kali zaidi ya chipu), likikaribia nyuzi 110 nenda nyumbani. Weka sikio kwenye feni, beringi zilizochoka zinakwaruza hasa mwanzoni na zikipungua kasi. Ukiona vidoti vya rangi kwenye picha, hata kimoja, kumbukumbu imechoka.

FundiKebo

Na jaribu matundu yote ya nyuma, HDMI na kila DisplayPort. Wauzaji huchomeka lile moja linalofanya kazi.