Shropshire (Uingereza) siku 2 bila gari, inawezekana?

Wakuu, Ludlow, Ironbridge na vilima vya mpakani mwa Wales: nipange vipi?

— Lala Shrewsbury. Treni ya kwenda Hereford hupita Church Stretton, kisha Ludlow, hivyo hizo ni siku moja. Asubuhi shuka Church Stretton, panda kilima cha Long Mynd kupitia bonde la Carding Mill Valley. Juu ni tambarare, ukungu ukishuka vijia vyote hufanana; beba ramani ya karatasi na dira. Ngome ya Ludlow iachie alasiri.

— Ironbridge haina stesheni, wengi hukwama hapo. Shuka Telford Central, upande basi. La Jumapili hakikisha kwanza. Daraja la chuma la 1779 ni bure kuvuka. Inama uangalie viungo: ndimi na kabari, useremala mtupu!

— Blists Hill, makumbusho ya wazi ya Ironbridge, iko mbali na daraja, anzia huko.