lockd na nfsd hazisikii tena kill -9: ni sawa, au tumenyang'anywa silaha?

Mleta mada:
Wadau, kuanzia keneli (kiini cha mfumo) 6.6 ya Linux, ile ya 2023, thredi zinazoishi ndani ya keneli za NFS, ule mfumo wa kushiriki mafaili kwenye mtandao, yaani lockd inayotunza kufuli za mafaili na nfsd inayohudumia maombi, hazipokei tena ishara. Unapiga kill -9, ile ishara ya kuua iitwayo SIGKILL, mpaka vidole vichoke, hola. Kuna watu wanalalamika, mimi nasema walichelewa sana kuziba hilo tundu.

Kwetu kulikuwa na seva ya NFS toleo la 3, keneli ya zamani. Programu yetu moja yenye neno lock kwenye jina ikaganda, jamaa wa zamu akaingia kama root, msimamizi mwenye mamlaka yote, akaandika pkill -9 lock. Si unajua pkill inatafuta kipande cha jina tu, basi ikaizoa na lockd. Sasa lockd ya zamani ukiipiga SIGKILL haifi, hapo ndo balaa lenyewe, inaachia kufuli zote, zile za kuzuia mashine mbili zisiandike faili moja kwa pamoja, halafu inaanza upya kile kipindi cha kusubiri wateja, yaani mashine zinazotumia seva, wadai kufuli zao, ila wateja hawajaambiwa chochote maana seva haijazimika, kwa hiyo kila mashine inajua kufuli bado iko mkononi. Kipindi kikapita, mashine nyingine ikaomba kufuli ya faili lile lile, ikapewa, zikawa zinaandika mbili kwa pamoja. Faili likawa uji. Siku 2 nzima tunalaumu diski na swichi, maana ukipiga ps kuorodhesha prosesi, lockd unaiona ipo na PID, namba yake, ile ile, nani angeishuku?

Mchangiaji:
Pole mkuu, lakini hilo kosa ni la aliyeandika pkill kizembe. Root ni root. Hiyo tabia ipo tangu keneli 2.1.32 na wengine imetuokoa: mteja kafa na kufuli mkononi, harudi tena, kazi zote zimesimama, unapiga SIGKILL moja maisha yanaendelea. Halafu skripti zetu za kuzima huduma zilikuwa zinaua nfsd kwa killall, sasa hivi amri inarudi kama imefaulu vile, kumbe nfsd zinadunda tu.

Mleta mada:
Kaka, unamfukuza marehemu mmoja kwa kuhamisha mtaa mzima? Kuzima kuna rpc.nfsd 0. Kufuli kuna /proc/fs/nfsd/unlock_filesystem, unaiandikia njia ya mfumo wa mafaili, zinaachiwa za hapo tu. Kuna na unlock_ip.

Mchangiaji:
unlock_ip usiwadanganye watu, IP inayotakiwa pale ni ya seva, si ya mteja. Kwa toleo la 3 marehemu mmoja humtoi peke yake.

Mleta mada:
Hapo umenikamata, kweli. Ila SIGKILL nayo ilikuwa haimtoi peke yake. Toleo la 4 ndo lina folda ya kila mteja chini ya /proc/fs/nfsd/clients, unaandika expire kwenye faili lake la ctl, anaondoka yeye tu.

Mwingine:
Mi nashangaa kitu kimoja, upande wa mteja si walifanya kinyume? Zamani prosesi ikikwama kwenye hali ya D, ule usingizi usiokatizwa, kusubiri seva ilikuwa haiuliki mpaka uwe umeweka chaguo la intr wakati wa kuunganisha NFS, toka 2.6.25 intr inapuuzwa na SIGKILL inafanya kazi. Huku wanafungua, kule wanafunga.

Mleta mada:
Hiyo ni prosesi ya mtumiaji mzee, ni mali yake, aiue tu. lockd imeshika kufuli za watu ambao hata hawajaingia kwenye hiyo seva. Mlio chini ya 6.6, kabla ya pkill pigeni kwanza pgrep -l lock muone inawakamata akina nani.

Mchangiaji:
Nimepiga sasa hivi. Imetoa kblockd, thredi nyingine ya keneli, na lockd, na hiyo programu niliyokuwa naitafuta haimo. Ngoja nikapitie skripti zetu.